Kava la gemu ya kutisha: Bibi wa macho mekundu mwacheni apumzike!

Wiki hii tuziweke kando habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tuongee vitisho. Naam, vitisho vya kununua kwa hela yako mwenyewe. Binadamu ni kiumbe wa ajabu bwana. Usiku akisikia fisi analia nyuma ya zizi anajifunika shuka gubigubi, hata jasho limtoke hafunui uso. Kesho yake mchana huyo yuko kibanda umiza, kalipa kiingilio, anaangalia mazombi yakitafuna watu. Akitoka hapo magoti yanagongana, halafu anawaambia wenzake: "Kitu bomba kile, usipime!"

Siku hizi vitisho vya namna hiyo haviko kwenye sinema tu, viko kwenye gemu. Na huku kwetu, kuanzia Shinyanga mjini, Kahama, mpaka Katoro na Geita, gemu siyo mambo ya watoto tena. Ingia kibanda chochote cha gemu jioni utamkuta mwanaume mzima, vumbi la mwamba bado liko kwenye nyusi, kang'ang'ania pedi kama mtu aliyeshika moko na nyundo. Kilichobadilika ni kwamba wameanza kutokea vijana wasioridhika kucheza za wenzao. Wanataka kutengeneza zao. Majirani zetu Wakenya walishathubutu mwaka 2015, pale Black Division Games walipotoa Nairobi X, gemu ya kupambana na viumbe wa angani walioivamia Nairobi. Kwa nini na sisi tusijaribu?

Mmoja wa hao wanaojaribu ni dogo mmoja wa Katoro. Jina lake naliweka mfukoni, maana gemu bado haijatoka na mwenyewe hapendi mtoto atangazwe kabla hajazaliwa. Mchana anashinda kwenye karasha akisaga mawe ya watu, usiku yuko mbele ya kompyuta aliyoinunua mkononi kwa mtu. Gemu yake ni hivi: mchimbaji anazinduka chini ya duara, wenzake hawapo, kamba imekatika, na upande wa pili wa mwamba kuna mtu anagonga. Ngo, ngo, ngo. Nimeicheza. Sitaki kusema mengi, ila usiku ule nililala taa inawaka.

Lakini dogo hakunifuata kwa sababu ya gemu. Alinifuata kwa sababu ya kava. Kumaliza kwangu fomu foo na kuandika andika magazetini kumemfanya aamini kwamba najua kinachomsimamisha mpita njia mbele ya meza ya magazeti. Pia anajua kwamba nimekulia kwenye maktaba ya CD ya mjomba wangu pale Shinyanga mjini, kazi yangu ikiwa kupanga makava ukutani. Kwa hiyo makava nayajua kidogo.

KAVA NI MPIGA DEBE

Ngoja nikwambie nilichokiona pale kwa mjomba. Kava ni mpiga debe. Pale stendi ya Kahama, abiria anashuka na begi lake, hajui basi lipi zuri. Mpiga debe ana sekunde tatu za kumnasa. Akianza kueleza historia ya kampuni, abiria keshachukuliwa na mwingine. Kava ni hivyo hivyo. Mteja haingii dukani akasoma, anapitisha macho. Jicho likikwama, mkono unafuata.

Enzi za sinema za Bongo kwenye kaseti na CD, kilichokwamisha jicho kilikuwa sura ya mtu anayejulikana. Marehemu Steven Kanumba, mtoto wa hapa hapa Shinyanga aliyezaliwa mwaka 1984 na kututoka Aprili 2012, sura yake peke yake ilitosha. Mteja hakuuliza sinema inahusu nini. "Ya Kanumba hiyo? Lete." Hata filamu za kutisha zilijengwa juu ya sura. Mussa Banzi alipotuletea Nsyuka, na baadaye Shumileta mwaka 2005, watu walikuwa wakiulizana "umemwona Shumileta?" kana kwamba wanamzungumzia jirani yao. Kitisho kilikuwa na jina na kilikuwa na uso.

Dogo hana Kanumba. Gemu ya mtu mmoja asiye na kampuni nyuma yake haina staa, na hapo ndipo tabu inapoanzia. Anatafuta uso wa kukwamisha jicho, na uso wa kutisha ulio karibu zaidi kwa mtu wa huku, uso ambao kila mtu anaujua bila kuelezwa, ni upi? Wewe msomaji wa Shinyanga umeshaujua kabla sijautaja.

Ni bibi kizee mwenye macho mekundu.

Ndivyo ulivyokuwa mchoro wake wa kwanza. Bibi kajifunga kaniki, kakaa mlangoni, makunyanzi usoni, macho kama makaa ya moto. Kwa ufundi ulikuwa mchoro mkali, siwezi kumnyima sifa yake. Ukiupunguza hadi udogo wa ukucha, bado yale macho mawili yanakukazia. Na udogo huo siyo mzaha, maana maduka ya gemu yana mashariti yake. Nikupitishe haraka haraka.

Steam, duka kubwa kuliko yote la gemu za kompyuta duniani, linataka kava lile lile kwa vipimo kadhaa. Vipimo vyenyewe huhesabiwa kwa pikseli, yaani vile vitone vinavyounda picha kwenye kioo. La juu ya ukurasa ni 920 kwa 430. La kwenye orodha ni 462 kwa 174, na duka lenyewe hulipunguza tena mpaka 120 kwa 45, kitu kama stempu iliyokatwa nusu. Google Play kwa upande wa simu wanataka kipicha cha mraba cha 512 kwa 512 na bango la 1024 kwa 500. Kule itch.io, ambako kijana anaweza kuweka gemu yake bila kulipa senti, ni 630 kwa 500. Kwa hiyo ukichora mandhari yenye vitu kumi na viwili, kwenye ile stempu vyote vinakuwa uji.

Halafu tangu Septemba 2022 Steam wamepiga marufuku maneno ya kujisifu juu ya kava. Picha na jina la gemu, basi. Hakuna kuandika "Kali kuliko zote", hakuna nyota, hakuna tuzo, hakuna "nusu bei". Mpiga debe kazibwa mdomo, anatumia mikono tu! Na kwa kuwa kava linaonekana na kila mtu, watoto wakiwemo, damu chapachapa na utumbo nje haviruhusiwi. Lazima umtishe mtu kwa heshima.

Kuna na hili. Kule Ghana, miaka ya themanini na tisini, wachoraji walikuwa wanachora mabango ya sinema kwa mkono juu ya magunia ya unga, mara nyingi sinema yenyewe hawajaiona. Wakaweka nyoka wasiokuwemo na vichwa visivyokuwemo. Watu wakajaa ukumbini, na aliyeingia kaingia. Dukani Steam huwezi. Mteja akiona umemdanganya anarudisha gemu ndani ya siku 14, mradi hajaicheza zaidi ya saa mbili, na hela yake anarudishiwa. Nikamuuliza dogo: kwenye gemu yako bibi yuko wapi? Akajikuna. Hayumo. Mle ndani ni mwamba, kamba, na yule anayegonga.

Lakini hata angekuwemo ningembishia.

MACHO YALE YANATOKA WAPI

Hapa naomba tutulie kidogo. Macho ya bibi zetu wa Usukumani hayakuwa mekundu kwa uchawi. Ni moshi. Mkoa wa Shinyanga ulikatwa miti tangu enzi za mkoloni, kwanza kufukuza mbung'o, halafu kupisha mashamba ya pamba, na mifugo ikamalizia. Ikafika mahali serikali ikaanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 kurudisha ngitili na miti kabla nchi haijawa jangwa kabisa. Pasipo na kuni mama anapikia nini? Anapikia mabua na mavi makavu ya ng'ombe. Weka hapo miaka hamsini ya kupuliza moto kwenye kijumba kisicho na dirisha, kisha niambie macho yatakuwa na rangi gani.

Na kwa macho hayo watu wamekatwa mapanga. Hii siyo hadithi ya kibanda umiza. Mauaji ya vikongwe wanaoshukiwa uchawi yaliitikisa kanda hii kiasi kwamba katikati ya miaka ya sabini vyombo vya dola viliendesha msako Mwanza na Shinyanga, washukiwa wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa sababu hiyo. Wengi wanamkumbuka kwa kujiuzulu, lakini wanasahau msako ulianza kwa ajili ya nani. Ulianza kwa ajili ya bibi zetu. Na mauaji yenyewe hayakuishia miaka hiyo, yaliendelea kuripotiwa miongo kadhaa baadaye.

Dogo akanijibu, na jibu lake halikuwa la kijinga: "Dada, gemu tu hiyo. Mbona Wazungu wanachora mabibi zao wachawi wenye pua ndefu, na watoto wanavaa sura hizo kwenye sherehe?"

Wanachora, ndiyo. Na wao waliwachoma moto na kuwanyonga watu kwa maelfu huko nyuma, ila huko kwao yule bibi wa pua ndefu keshakuwa katuni. Mtoto wa London akiona picha hiyo hatoki nje akamtazama jirani. Huku kwetu anatoka, na jirani yupo.

Mchoro wake wa pili sikuuacha hata upumue. Ulikuwa mzimu mweupe pepepe, mtu bila nguo, amesimama kwenye mdomo wa duara. Ukanda wa dhahabu, mtu mweupe, shimo la mgodi! Nilimuuliza kama anakumbuka kwamba huku kulikuwa na imani kuwa kiungo cha mtu mwenye ualbino kinavuta dhahabu. Kwamba Septemba 2009, katika kesi iliyosikilizwa Kahama, watu watatu walihukumiwa kifo kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa miaka 14, mtoto wa Bukombe. Bukombe iko mkoa wa Geita leo, mwendo mfupi tu kutoka anapokaa. Huo aliufuta mwenyewe mbele yangu.

Wa bibi hakuufuta. Akasema twende tukaulize watu, soko ndilo liamue. Nikasema poa.

Tukaenda kwenye karasha analofanyia kazi, saa saba mchana, jua la utosi. Utaratibu nilimpa mimi: mtu anaonyeshwa simu, tunahesabu moja, mbili, tatu, simu inageuzwa, anasema ameona nini. Hapo hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Kwenye jua, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, picha nyeusi juu ya nyeusi inakuwa kioo cha kujitazamia. Mtu anaona pua yake mwenyewe. Makava mengi ya kutisha yamejaa weusi na wekundu, na mteja wetu hakai kwenye chumba chenye pazia.

Wa kwanza akaangalia, tukageuza. Akasema: "Mchawi." Dogo akanitazama kwa jicho la nilikwambia.

Wa pili naye akasema hivyo hivyo.

Wa tatu, jamaa wa makamo aliyekuwa anafunga viroba, hakusema mchawi. Akasema: "Huyu si yule mayu wa kwenu kule, anayekaa karibu na lambo?" Na jina la kijiji akalitaja. Wa nne akasogea kutazama, akasema kweli ndiye, tena akaongeza: "Kumbe na nyie mmeshamjua?"

Msomaji wangu, mimi sijatishika na gemu yoyote kama nilivyotishika na sentensi ile.

Dogo alikuwa kachora kutokana na picha aliyowahi kumpiga bibi mmoja jirani yao kijijini, bibi ambaye akiwa mdogo alikuwa akimpa maziwa mgando akipita kumwamkia, mwangaluka mayu. Alidhani akibadilisha kaniki na kuyapaka macho rangi hakuna atakayemtambua. Kwa vitone 120 kwa 45, mtu kamtambua. Sasa fikiria picha ile iko kwenye kila simu kuanzia Katoro mpaka Kahama, imeandikwa jina la gemu ya kishetani chini yake. Nani atakwenda kumweleza kila kijana mwenye panga kwamba ni gemu tu?

Hatukubishana tena. Aliufuta mchoro, akaifuta na picha yenyewe kwenye simu. Yule wa nne akaomba atumiwe kabla haijafutwa, tukamwambia kaka samahani, haitumwi.

TUCHUNGULIE KUTOKA CHINI

Basi tukarudi kwenye swali: uso usiokuwepo, tuuweke wapi? Jibu lilitoka kwa dogo mwenyewe, nami nilimuuliza tu, ukiwa chini ya duara kitu gani kinakutisha kuliko vyote? Nilidhani atasema giza. Akasema hapana, giza unalizoea. Kinachotisha ni kutazama juu. Unaona kile kiduara kidogo cha mwanga, mdomo wa shimo, na huwezi kujua aliyesimama pale ni nani.

Mchoro wa tatu ni huo. Umelala chini, unatazama juu. Kuta za mwamba na matimba yanazunguka pembeni, rangi ya udongo mwekundu na manjano ya tochi ya kichwani. Katikati duara la mwanga, na ndani ya mwanga kichwa cheusi cha mtu anayechungulia. Kamba inaning'inia, imekatika. Basi.

Na hapa ndipo mambo yalipojipa. Ukilipunguza kava hilo mpaka ile stempu, duara la mwanga lenye kichwa cheusi katikati linageuka jicho. Jicho moja kubwa linalokutazama. Hatukulipanga hilo, lilikuja lenyewe, ila tulipoliona dogo alilisogeza kichwa katikati kabisa ili liwe jicho kweli kweli. Uso tumeupata, na siyo uso wa mtu yeyote.

Ukweli wa mambo, kitisho hicho ni chetu na hakimsingizii mtu. Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, Kahama. Watu watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wameishi kwa mizizi, vyura na wadudu. Mwenzao alifia mle mle. Mtu yeyote wa ukanda huu akiona shimo kutokea chini hahitaji maelezo. Dogo alitaka aweke namba 41 ukutani, imechorwa kwa chaki. Nikakataa. Kuna familia zinazohesabu namba hiyo hadi leo, haifai kuwa chambo. Alinielewa upesi safari hii.

Tukarudi karashani, jua lile lile. Moja, mbili, tatu. Wa kwanza akasema: "Duara." Wa pili akasema: "Jicho." Mzee mmoja mstaafu wa shimo akaishika simu muda mrefu kuliko tulivyomruhusu, akairudisha, akauliza: "Huyo wa juu ni nani?" Dogo akamwambia, mzee wangu, ukitaka kujua lazima ucheze. Mzee akacheka, lakini alirudia kuuliza mara mbili wakati tunaondoka.

Wapo waliomshauri asihangaike, aandike maneno kwenye mashine ya akili mnemba imtolee picha. Alijaribu. Ikamletea wachimbaji wenye kofia safi kama za sherehe na handaki lenye reli, migodi ya Wazungu ile. Duara la Nyarugusu haiujui hata kwa kusikia. Tena tangu Januari 2024 Steam wanakutaka utamke kama umetumia mashine hizo. Akaachana nayo.

Kilichobaki ni jina. Lilikuwa la Kiingereza, maneno manne, ambalo kwenye stempu lilisomeka kama mstari wa siafu. Sasa ni neno moja la Kiswahili, herufi tano, na kama umesoma mpaka hapa unaweza kulibahatisha. Kazi ya herufi kapewa mchoraji wa mabango pale Katoro, yule yule anayeandika majina ya saluni na vibao vya magari. Nilipendekeza yeye kwa sababu anajua kuandika neno la kusomwa na mtu aliye ndani ya gari linalokimbia. Kazichora kwa brashi juu ya kipande cha turubai la kufunikia mawe ya dhahabu, dogo atazipiga picha na kuziingiza kwenye kompyuta. Herufi ya kwanza ameikosea mara mbili, anasema turubai linanyonya rangi.

Ada ya Steam ni dola 100 kwa kila gemu, nao hukurudishia gemu ikishaingiza dola 1,000. Ukilipa unasubiri siku 30, na ukurasa wenye kava lako lazima ukae hadharani walau wiki mbili kabla ya kuanza kuuza. Dogo ana nusu ya hela. Nusu nyingine iko kwenye viroba sita vya mawe ambavyo bado havijasagwa, na foleni ya karasha wiki hii ni ndefu ile mbaya.